Siplea wa Mheshimiwa

Naanza kwa kukiri kwamba mimi ni mwoga. Mbele ya wanafunzi naonekana mkali, na wazazi wa Kimanga, mtaa wetu mjini Uvira, wananisalimia kwa heshima, kofia mkononi, lakini ndani ni mwoga tangu utotoni. Naogopa mto Mulongwe ukijaa. Naogopa radi. Naogopa simu inayolia kabla ya chai. Nikishikwa na woga ndipo nakuwa mkali zaidi, kwa hiyo watu wengi hawanijui. Katika siku ninazotaka kuzisimulia niliogopa kuliko siku zote za maisha yangu, na nilimkaripia kila mtu isipokuwa yule mmoja aliyestahili.

Nilikuwa mkuu wa shule ya msingi, yenye madarasa sita na mabati yanayovuja, nilipoombwa kuwa siplea. Kwetu mtu anayegombea ubunge wa jimbo haandikishwi peke yake. Chini ya jina lake huandikwa jina la mtu wa kushika kiti chake akifa, akijiuzulu au akipata kazi kubwa zaidi. Huyo ndiye siplea. Wakati wa kampeni anatembea kwenye matope na kuimba mpaka koo linakauka, kisha mwenzake akishinda, yeye anarudi nyumbani kupika. Aliyekuja kuniomba alikuwa mwanakwaya mwenzake mume wangu, mfanyabiashara wa samaki, mtu wa sauti nzito na viatu vinavyong'aa hata msimu wa mvua. Mume wangu, fundi wa mota za mitumbwi, alimheshimu sana. Mgeni alieleza kwamba chama kinataka mwanamke kwenye orodha. Hakusema kinanitaka mimi. Alisema kinataka mwanamke, kisha akatazama huku na huku sebuleni kana kwamba huenda yuko mwingine.

Nilikubali kabla chai haijapoa. Kwenye picha za kampeni kichwa chake kilikuwa kikubwa kama sinia, changu kilikuwa kwenye kona ya chini, kidogo kama stempu. Tulizunguka mtaa wa Mulongwe wiki chache baada ya maji kuvamia nyumba za watu, tukiwaahidi ukuta wa mawe kando ya mto. Yeye aliahidi, mimi niliitikia. Aliposhinda nililia kwa furaha, nikaamka kesho yake nikakuta madarasa bado ni sita na mabati bado yanavuja.

Baada ya hapo nikawa kichekesho cha mtaa. Nikipita sokoni, akina mama wauza ndakala, dagaa wa ziwani kwetu, wananiita kwa sauti.

"Madamu! Onorabule alikohoa jana mu redio! Weye funga valizi!"

Yaani mheshimiwa akikohoa, mimi nifunge sanduku la safari. Soko zima linacheka, nami nacheka. Alipopata malaria, watu walinipa pongezi. Aliposafiri, waliniuliza kama nimeyaangalia vizuri matairi ya gari lake. Siplea, kwa maoni ya watu wetu, ni mtu anayelala akisikiliza kifua cha mwenzake. Mume wangu hakuupenda utani huo. Alisema kifo hakichezewi kwa maneno. Nilimwambia aache kununa, siasa ndiyo hivyo, na aliyeingia majini asilalamike kulowa nguo.

Halafu mambo yakageuka. Gavana wa jimbo na makamu wake hawachaguliwi na raia. Wabunge wa jimbo wanaketi Bukavu, mji mkuu wa jimbo, na kuwapigia kura wawili wawili, kila mgombea ugavana pamoja na makamu wake. Mgombea mmoja, mtu wa upande mwingine wa jimbo, alitafuta makamu kutoka huku ziwani ili azipate kura za wabunge wa Uvira na wa uwanda wa Ruzizi. Akamchukua mheshimiwa wetu. Na kwa kuwa sheria haimruhusu mtu kuwa makamu wa gavana na mbunge kwa pamoja, angeshinda, kiti chake kingekuwa changu.

Niseme ukweli, nilikitaka. Nilikitaka mpaka nikaona aibu. Nilipeleka kitenge kwa fundi cherehani nikamwambia ni cha harusi. Nilianza kuyasikiliza matatizo ya wazazi kwa uso mwingine, wa mtu mwenye uwezo. Nilikuwa nimefundisha elimu ya uraia miaka mingi, nikiandika ubaoni gavana, makamu, bunge, na kwa mara ya kwanza maneno hayo yalinihusu mimi.

Wakati huohuo utani ulikoma sokoni. Sikulitambua hilo haraka. Zamani walitania kwa sababu hapakuwa na kitu cha kupiganiwa. Sasa kiti kilikuwa kinatikisika kweli, na kila mtu alijua kwamba kinaweza kuanguka upande wangu kwa njia mbili: mheshimiwa apande, au mheshimiwa afe.

Siku tatu kabla ya kura alipita kwetu asubuhi, akiwa njiani kwenda Bukavu, aombe pamoja na mume wangu na kutuaga. Alikuja na dereva na dada yake mkubwa, mjane mwenye macho makali ambaye sote tulimwita Yaya. Mheshimiwa alikuwa amefunga siku tatu kwa ajili ya uchaguzi, hakula wala hakunywa ila maji kidogo jioni. Mashavu yalikuwa yamebonyea. Mume wangu aliomba kwa machozi. Walipomaliza, mheshimiwa alisema mfungo wake umeishia hapo, kwenye nyumba ya rafiki, na kama kuna kitu cha kunywa atakunywa.

Hapa lazima nieleze jambo ambalo kwetu hata mtoto wa miaka saba analijua. Mgeni haletewi chupa iliyofunguliwa. Chupa inakuja na kifuniko chake, mwenye nyumba anaifungua mbele ya macho ya mgeni, anamimina kidogo kwenye glasi yake mwenyewe, anakunywa, ndipo anampa mgeni. Hakuna anayetaja sababu. Watu wanaogopa karuho, sumu inayosemwa kwamba inakaa chini ya ukucha wa mwenye nyumba na kuua polepole au haraka, apendavyo aliyeitia. Adabu yetu yote ya mezani imesimama juu ya woga huo.

Na mimi, mkuu wa shule, mtu wa kufundisha adabu, nilikosea. Kifungulio cha chupa kilikuwa kimefungwa kwa kamba kwenye msumari wa jikoni kwa sababu watoto wangu walikipoteza kila wiki. Nje dereva alikuwa hajazima injini. Yaya alikuwa amesema mara mbili kwamba watachelewa. Niliifungua soda, sikre kama tunavyoiita, palepale jikoni, nikakirudisha kifuniko juu yake nzi wasiingie, nikaweka glasi kwenye sinia, nikaingia sebuleni nikitabasamu.

Mheshimiwa aliitazama chupa, akanitazama. Ningeweza kusema ngoja nilete nyingine, lakini kusema hivyo ni kama kukiri kwamba hii ina kitu. Nilinyoosha mkono nimimine kidogo ninywe, ila yeye alikuwa ameshaiinua. Nadhani alifanya hivyo kunistahi, asinitie aibu mbele ya watu. Alikunywa karibu chupa nzima kwa pumzi moja. Yaya hakutaka glasi yake imiminiwe. Aliisukuma mbele kidogo kwa kidole kimoja, akasimama, akasema twende.

Nilibaki na sinia mkononi, nikimwomba Mungu afike salama. Sikumwombea kwa upendo. Nilimwombea kwa sababu nilijua nani angelaumiwa akipatwa na lolote.

Simu ililia kabla ya saa saba mchana. Alikuwa Yaya, akimpigia mume wangu kutoka Luvungi, ambako gari lilisimama wanunue ndizi. Alipiga kelele mpaka nilimsikia nikiwa mlangoni.

"Muntu anatapika damu! Damu, nakuambia! Hakukula fasi ingine, ni kwenu tu! Akikufa hapa, tutarudi kwenu, unasikia? Tutarudi!"

Mume wangu alisema, "Yaya, tulia, Yaya," mara nne au tano, mpaka simu ikakatika. Kisha akakaa kwenye kiti chake, akaweka simu juu ya Biblia, akanitazama.

"Chupa ulifungulia wapi?" aliuliza.

"Jikoni. Kifungulio kiko jikoni, weye mwenyewe ulikifunga pale," nilisema kwa ukali.

Alitoka nje akakaa kwenye benchi lake la kazi, mota imefunguliwa mbele yake, na hakuigusa mpaka jua lilipoanza kushuka.

Luvungi ni kijiji cha njiani, na njia ina midomo mingi. Waendesha pikipiki walioshuka kutoka huko walizifikisha habari Uvira kabla hata mheshimiwa hajafikishwa hospitali Bukavu. Kufikia jioni, jirani ambaye kila siku humtuma mtoto kuomba kaa la moto alimtuma kwingine. Nilimwona mtoto akipita mbele ya mlango wetu akielekea nyumba ya tatu, macho yametazama mbele, kama alivyoagizwa. Nilijua watu wa mtaa wetu wanavyofanya mtu akitajwa kuwa mulozi, mtu wa uchawi na sumu. Nimewaona wakifanya. Mama mmoja wa Kimanga, miaka ya nyuma, walimchomea nyumba mchana kweupe, na mimi nilisimama mbali na wengine, nikitazama, nikijiambia hayanihusu.

Kesho yake nilikwenda shuleni kwa makusudi. Nilijiambia kwamba nikijificha nimejihukumu. Ofisini kwangu kuna ndoo ya maji ya kunywa yenye bomba dogo, ambayo mimi mwenyewe naijaza kila asubuhi na kuitia dawa ya kusafishia maji. Wakati wa mapumziko watoto hupanga mstari mrefu, wakisukumana. Siku hiyo hakuja hata mmoja. Jua la uwanda wetu ni kali, walicheza mpira wakatoka jasho, wakarudi darasani midomo imekauka. Nilitoka barazani nikawaamuru wanywe. Walinitazama. Msichana mmoja wa darasa la pili alianza kulia, na wenzake wakamzunguka kumlinda, wamlinde dhidi yangu mimi, niliyemfundisha kuandika jina lake. Niliingia ofisini, nikafunga mlango, nikanywa glasi mbili za maji yale, moja baada ya nyingine, peke yangu, bila shahidi.

Nilipokuwa narudi nyumbani, jiwe la kwanza lilinipita. La pili liligonga bati la nyumba ya jirani. Sikugeuka. Nilisikia vijana wakicheka na mmoja akisema kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayepanga safari, "Tungojee kwanza akufe." Waliona ni haki kungoja. Maisha yangu, nyumba yangu na watoto wangu watatu vilining'inia kwenye tumbo la mtu mmoja aliyelala Bukavu.

Nyumbani nilikuta watoto hawapo. Mume wangu alikuwa amewapeleka kwa shangazi yao Kalundu.

"Mawe haina macho," alisema.

Nilimshukuru. Nilimshukuru kwa moyo wote, nikamwambia amefanya vizuri.

Simu yangu ililia wakati mume wangu amekwenda kununua mkaa. Ilikuwa namba nisiyoijua, na sauti iliyotoka humo ilikuwa nzito lakini imechoka.

"Madamu. Dada yangu. Ni minye."

Nilikaa chini sakafuni. Alikuwa hai. Nililia, nikamwita onorabule, nikamwita baba, nikamwita kila jina la heshima ninalolijua.

"Sikia," alisema. "Daktari alipitisha ile kamera mu tumbo. Ni vidonda. Minye niko nayo miaka mingi, hata bibi yangu, mama ya batoto yangu, anajua. Dawa niliacha kunywa juu ya mfungo. Ile sikre iliamsha tu. Weye hauna kosa."

"Asante Mungu," nilisema. "Ambia Yaya. Ambia bantu, onorabule, banataka kutuchomea."

Nilisikia mtu akikohoa chumbani mwake, na mlango ukifungwa.

"Dada, fikiri kidogo. Nikisema minye niko mugonjwa wa tumbo, onorabule gani atachagua makamu mugonjwa? Batasema huyu atakufa mu kiti. Lakini muntu mwenye balimupa sumu akapona..." Akashusha sauti. "Kura ni kesho kutwa. Tuvumilie siku mbili. Usiambie muntu, hata baba watoto, ule anapenda kusema mu kwaya. Siku nitafika Uvira, nitasimama mbele ya bantu bote, nitasema kweli. Nakuapia. Na weye utaingia mu kiti yangu na jina safi."

Ningeweza kukataa. Nimelirudia jibu langu kichwani mara nyingi, nikijaribu kulipatia sababu nzuri, kwamba nilikuwa na woga, kwamba alikuwa mgonjwa, kwamba ni mkubwa wangu. Zote ni za kweli kidogo. Sababu ya kweli zaidi ni kwamba nilikitaka kile kiti. Nilisema, "Sawa, onorabule." Nilisema hivyo haraka, kama nilivyokubali kuwa siplea.

Mume wangu aliporudi na mkaa, alinikuta bado sakafuni.

"Nani alipiga?"

"Mwalimu mwenzangu. Mambo ya shule."

Alikaa chini karibu yangu, jambo ambalo halifanyi kwa sababu ya goti lake. Akaushika mkono wangu. Mikono yake ina harufu ya mafuta ya mota ambayo haitoki hata kwa sabuni ya kipande.

"Mama watoto," alisema taratibu, "kama iko kitu unataka kuniambia, niambie. Minye sitakutupa."

Nilidhani anazungumzia woga wangu. Nilidhani ananiuliza kama ninaogopa. Nikamwambia hakuna kitu. Akatikisa kichwa polepole, akasema basi tuombe, na tukaomba, na katika maombi yale alimwomba Mungu arehemu nyumba hii, arehemu, arehemu, mpaka nikaanza kuchoka.

Siku ile iliyofuata sikwenda shuleni. Mawe yalianguka juu ya bati letu mchana, matatu, kisha kimya, kisha mawili. Niliyahesabu kwa kuwa sikuwa na kazi nyingine. Nilijua mheshimiwa hafi. Hayo ndiyo yalikuwa mateso yangu ya ajabu: nilikuwa mtu pekee Kimanga aliyejua kwamba hakuna cha kulipiza, na bado nilijikunyata chini ya bati, kwa sababu anayerusha jiwe haulizi unajua nini. Mara mbili nilisimama nikaukaribia mlango, nitoke nipige kelele kwamba ni vidonda vya tumbo, nendeni mkamuulize mke wake. Mara mbili nilirudi kukaa. Mume wangu alisimama uani muda wote, mikono nyuma, akijionyesha, ili wamwone kabla hawajarusha. Jiwe moja lilimpata begani. Hakuniambia. Niliona damu kwenye shati nilipolifua.

Siku ya kura tulisikiliza redio sote wawili. Mtangazaji alieleza jinsi mgombea umakamu kutoka Uvira alivyoingia ukumbini akishikwa mikono na watu wawili, na jinsi wabunge walivyosimama kumpigia makofi kabla hata kura hazijapigwa. Mmoja wao alihojiwa nje. Alisema, "Muntu mwenye maadui banataka kuua, ule ni muntu wa maana." Mchana matokeo yakatoka. Walishinda, gavana na makamu wake.

Niliruka. Sitaficha. Kwa muda mfupi sana nilisahau mawe, nikaruka kama msichana, na nilipogeuka mume wangu alikuwa ananitazama kwa uso ambao sikuwahi kuuona. Nilidhani ni uchovu.

"Sasa yote itakuwa sawa," nilimwambia. "Utaona. Siku atafika, yote itakuwa sawa."

"Ndiyo," alisema.

Mheshimiwa alikaa Bukavu kwa siku kadhaa za matibabu na sherehe. Siku hizo mawe yalipungua, kwa kuwa alikuwa hai, lakini macho hayakupungua. Pale kanisani benchi letu lilibaki na nafasi pande zote mbili. Alinipigia tena mara moja, kwa kifupi, nyuma yake kukiwa na kelele za watu. "Jumamosi niko Uvira. Kuja na baba watoto. Kaeni mbele, fasi nitawaona." Niliandika maneno hayo kwenye daftari la shule, nikayasoma mara nyingi, kama mtu anayesoma barua ya kuachiliwa.

Jumamosi nilivaa kitenge kile cha fundi. Uwanja ulijaa tangu asubuhi, kwaya tatu, ngoma, akina mama wa soko, wanafunzi wa shule zote pamoja na wa kwangu. Tulipopita, watu walipisha njia upesi, wakivuta watoto na nguo zao kando. Niliwatazama usoni mmoja mmoja nikijiambia: kabla jua halijafika utosini, nyinyi mtaona aibu. Tukakaa mbele. Mume wangu alikuwa amevaa suti ya harusi yetu, inambana mabegani, hasa lile lililopigwa jiwe.

Gari lilifika na vumbi lake. Mheshimiwa alishuka taratibu, amekonda, mkono mmoja juu ya tumbo, Yaya nyuma yake amebeba mkoba wake. Uwanja ulilipuka. Alizungumza kuhusu barabara, kuhusu maji, kuhusu ukuta wa Mulongwe, na kila alipopumzika kuvuta pumzi watu walipiga vigelegele, wakimhurumia. Kisha akaacha hotuba. Akalitafuta benchi letu kwa macho mpaka akaniona.

"Dada yangu," alisema kwenye kipaza sauti. "Madamu. Kuja hapa."

Nilipanda ngazi zile nne za jukwaa. Nilikuwa ninalia tayari, kwa shukrani. Nilizisikia bendera zikipigwa na upepo wa ziwani. Alinishika mkono, akauinua juu pamoja na wake. Kiganja chake kilikuwa baridi na chenye jasho. Nilimtazama usoni, na alipokwepa macho yangu akatazama umati, nilielewa, na bado nilitumaini.

"Bantu ya Uvira," alisema. "Munajua yenye ilinipata. Minye ni mukristo. Mbele yenu bote, na mbele ya Mungu, minye namusamehe huyu dada. Muntu asimuguse. Asimutupie jiwe. Namusamehe kabisa, na kiti yangu namuachia."

Sikumbuki sauti iliyotoka kwa watu, nakumbuka tu kwamba mbao za jukwaa zilitetemeka. Akina mama walitupa vitenge chini kwa shangwe. Yaya alikuwa analia, akanikumbatia kwa nguvu. Wanafunzi wangu waliimba. Nilifungua kinywa niseme ni vidonda, muulizeni daktari, muulizeni mke wake, lakini kipaza sauti kilikuwa upande wa pili wa kifua chake na mkono wangu ulikuwa bado juu, ndani ya mkono wake. Na hata ningesema, nani anamsikiliza aliyesamehewa akikana kosa?

Nilishuka. Mume wangu alikuwa amesimama chini ya ngazi ananingoja, mikono imenyooshwa, machozi yanatiririka mpaka kwenye kola ya ile suti. Kwa siku zile zote sikumwona hata mara moja na uso mwepesi kama huo. Alinivuta kifuani mwake mbele ya watu wote, yeye ambaye hajawahi kunishika mkono barabarani.

"Mungu ni mwema, mama watoto," alinong'ona. "Amekusamehe. Sasa watoto banaweza kurudi nyumbani."